Mama Yangu Amepungukiwa na Tarakimu

"Namba ya kitambulisho si sahihi," kompyuta ikaandika kwa wekundu, na saiba nzima pale Wote ikageuka kumtazama mama yangu.

Hawakumtazama sana. Macho yakahamia kwangu, kwa sababu tangu tulipopanda matatu Kathonzweni mama alikuwa amewatangazia abiria kwamba mwanawe ndiye "huandika hizo kompyuta," na nusu ya abiria hao sasa walikuwa nyuma yetu kwenye foleni. Fomu yenyewe ilikuwa ya huduma fulani. Siitaji jina, maana bado tunaihitaji.

"Mwaitu, mama, soma tena polepole," akasema kijana wa saiba.

Mama akaisoma bila kukitazama kitambulisho. Namba hiyo ameitumia benki, kwa chifu, kwenye kura na kwenye chama cha akina mama, na haijawahi kumwaibisha. Ina tarakimu saba. Fomu ilitaka nane.

"Labda moja ilifutika," kijana akakisia.

"Kitambulisho changu hakijawahi kuingia majini," mama akamjibu, na watu wakaanza kusogea karibu.

Kijana akatanguliza sifuri mbele. Wekundu tena: namba ya kitambulisho haianzi na sifuri. Basi akaifuta na kuibandika nyuma, kwa ujasiri wa mtu asiyejua kitambulisho ni cha nani hasa. Hapo kukatokea alama ya kijani, neno "Karibu," na jina la mwanamume wa kaunti ambayo mama hajawahi kuikanyaga. Mzee mmoja kwenye foleni akavua kofia na kumpa mama mkono: "Karibu, mzee mwenzangu." Saiba ikalipuka kwa kicheko. Kabla kicheko hakijaisha, fomu ikatutaarifu kwamba imetuma namba ya siri kwenye simu ya bwana yule, tuiandike hapa chini ndani ya dakika moja.

"Mpigieni atusomee," mama akashauri. "Mtu mwenye mama hawezi kukataa."

Dakika ikaisha. Mama akanigeukia, akauliza kwa sauti ya kufika hadi stendi: "Si ni nyinyi huandika hizi?"

Si mimi niliyeiandika hiyo. Lakini nawajua walioiandika, kwa maana kwamba nautambua mwandiko. Waandishi wa programu tukikutana, huchekeshana kwa misimbo ya aina hii. Kuna ule wenye mistari tisini ya "kama hivi, basi vile," ambao mwisho wake hukubali kila kitu. Kuna ule unaoanza na onyo "usiguse hapa," na aliyeandika onyo hilo alishaacha kazi. Na kuna huu wetu, mfupi kuliko yote: hesabu herufi, zikiwa nane, mtu ni halali, zisipokuwa nane, hayupo duniani.

Namba zetu za kitambulisho hapa Kenya zimekuwa zikitolewa kwa kufuatana. Aliyechukua chake zamani ana tarakimu saba, au hata sita. Aliyechukua chake miaka ya baadaye ana nane. Ndani ya namba hamna tarehe ya kuzaliwa, hamna kaunti, hamna jinsia. Kwa hiyo namba nyingi unazoweza kuzibuni chini ya ile ya mwisho iliyotolewa tayari zina wenyewe. Bandika sifuri nyuma ya namba ya mama na hupati kosa: unapata mtu. Kosea tarakimu moja, unapata mwingine. Ukaguzi wa urefu ulimkataa mama ambaye ni halali, ukampokea mgeni aliyezaliwa na kosa la kidole.

Na hapa ndipo ninapopandwa na hasira, kwa sababu dawa ilipatikana zamani. Mwaka 1954, mhandisi wa IBM aitwaye Hans Peter Luhn aliomba hataza ya kifaa cha kukagua namba, akaipata mwaka 1960. Hesabu yake ni tamu. Chukua 274. Anzia kulia, uongeze maradufu tarakimu moja na kuiacha inayofuata: 4 inakuwa 8, 7 inabaki 7, 2 inakuwa 4. Maradufu ikizidi 9, jumlisha tarakimu zake mbili. Tumepata 19. Kufikia 20 inahitajika 1, basi hiyo 1 inabandikwa mwisho: 2741. Sasa mtu mwenye haraka aandike 2471. Hesabu inatoa 5 na 4 na 4, pamoja na ile 1 ni 14. Haigawanyiki kwa 10, na mashine inajua palepale kwamba kidole kimeteleza, bila intaneti, bila kumpigia mtu yeyote. Hesabu hiyo hunasa kila kosa la tarakimu moja na karibu kila ubadilishanaji wa tarakimu mbili zilizo jirani. Kinachoiponyoka ni 09 ikijigeuza 90, au kinyume chake, tu. Mwaka 1969 Mholanzi Jacobus Verhoeff akaziba hata tundu hilo, na India imetumia njia yake kwenye namba ya Aadhaar. Afrika Kusini wao wana tarakimu 13: sita za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, ya mwisho ni ya Luhn.

Ukitaka kuona maajabu haya bila kuvuka mpaka, chukua simu yoyote ya kabambe pale soko la Kitui, ubonyeze *#06#. Zitatokea tarakimu 15, na ya mwisho ni ya Luhn. Simu ya tochi ina namba inayojua ikikosewa. Mwananchi aliyeishika simu hiyo hana.

Majirani nao wana vituko vyao. Namba ya NIDA ya Tanzania ina tarakimu 20 na huanza na tarehe ya kuzaliwa, jambo la busara, mpaka karani aiingize kwenye jedwali la Excel kama namba ya kawaida. Excel hukumbuka tarakimu 15 tu. Tano za mwisho huzigeuza sifuri, na mtu mzima huonekana kwenye skrini kama 1.98E+19.

Mengine yaliyotupata ni madogo. Binamu yangu wa Mwingi ana jina lenye ng', kama Mang'eli, na fomu moja ilimwambia jina lake lina herufi haramu. Shemeji wa Mutomo ana laini ya 011, na fomu nyingine bado inaamini simu zote za Kenya huanza na 07, ingawa 010 na 011 ziliidhinishwa mwaka 2019. Mjomba wa Kibwezi alizaliwa Yua ya Ndeke, ile njaa ya 1961 ambapo ndege zilidondosha chakula. Kalenda ya fomu ikadai siku na mwezi, naye sasa husherehekea tarehe 1 Januari pamoja na wazee wenzake wote.

Tunacheka, lakini kicheko hiki kina mlipaji. Mwandishi wa msimbo hujaribu kazi yake kwa kitambulisho chake mwenyewe, chenye tarakimu nane, akiwa ofisini kwenye kiyoyozi, kisha anaandika "imepita." Anayeshindwa ni mama wa Kathonzweni, aliyelipa nauli kwa pesa za ndengu na kurudi mikono mitupu, akiambiwa kosa ni lake. Neno "si sahihi" halisemi fomu imekosea. Linamwambia mtu wa miaka sitini na kitu kwamba yeye ndiye kasoro. Mwaka 2019 alipanga foleni ya Huduma Namba, namba mpya ya utambulisho, akatoa alama za vidole zote kumi; mwaka 2021 Mahakama Kuu ikabatilisha utoaji wa kadi zake. Sasa imekuja Maisha Namba. Serikali ikibadilisha namba, fomu za zamani hazibadiliki. Hubaki mlangoni na kuhesabu herufi.

Wewe uliyeandika fomu hiyo, kazi ni ya mstari mmoja. Palipoandikwa "sawa na 8," weka "6 au zaidi." Kisha uliza daftari la usajili kama mtu yupo, ulinganishe na jina lake, badala ya kuuliza namba ina urefu gani. Na kabla ya kuandika "imepita," omba kitambulisho cha mama yako ujaribu nacho. Wa kwangu bado hajasajiliwa.