Gari la Baba Mdogo na Dakika Kumi na Tano

Kwenye ukoo wetu kitu kibovu hakiuzwi wala hakitupwi. Kinatengenezwa mpaka mwenyewe azeeke nacho. Bingwa wa fani hiyo ni Baba Mdogo, na taji lake ni gari lililoegeshwa chini ya mwembe wa gereji moja huku Tabata, ambako kuku wa jirani wametaga kwenye siti ya nyuma.

Ilianza rejeta. Rejeta ilipobadilishwa, gasketi ikaungua. Gasketi ilipopatikana, gea boksi ikaanza kulia kama mbuzi wa Idi. Kila mara fundi alifuta mikono kwa gazeti na kutamka yaleyale: "Mzee, ukibadilisha hiki tu, linakuwa jipya." Na kila mara Baba Mdogo alitoa hoja ambayo hakuna kikao cha familia kilichowahi kuishinda: "Nimeshatia hela nyingi humu, naliachaje sasa?"

Hoja hiyohiyo ndiyo iliyotufikisha Mapinga tukiwa na sare za harusi. Tulikuwa tunakwenda Bagamoyo. Tulipopita Bunju mshale wa joto ulikuwa umeshapanda, Mama Mdogo akauona, akasema. Baba Mdogo akajibu kwamba tumeshatoka mbali, kurudi ni hasara. Mapinga boneti ikafuka moshi. Shangazi, aliyepakwa hina mpaka viwikoni, alisukuma gari kwa mgongo ili asiharibu maua. Wapita njia walituonea huruma. Bodaboda walituonea riziki. Tulifika ukumbini masufuria ya pilau yakisuguliwa, tukagawiwa ukoko na soda ya moto.

Ugonjwa huu wa kung'ang'ania hasara hauchagui kabila. Uingereza na Ufaransa waliendelea kumimina fedha za umma kwenye ndege ya Concorde hata ilipoonekana wazi kwamba hazitarudi. Mwishowe ni ndege 14 tu zilizobeba abiria kibiashara, kuanzia 1976 hadi 2003, zote za mashirika ya nchi hizohizo mbili, na wataalamu wakaliazima jina lake kuuita ugonjwa wenyewe. Nilipomsimulia Baba Mdogo alichangamka kweli. "Unaona? Hata wao!"

Dawa ililetwa na binti yake, muuguzi, ambaye husoma mambo yasiyomhusu kisha hutuhusisha sisi. Safari hii alisoma kwamba mwaka 2014 mtafiti Andrew Hafenbrack na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la Psychological Science. Watu walisikiliza sauti ya kuwaongoza kufuatilia pumzi zao kwa dakika 15; wengine wakaongozwa kuacha mawazo yazurure, kazi ambayo ukoo wetu ungeifanya bila posho. Kisha wote wakapewa maamuzi yanayohusu fedha zilizokwisha kupotea. Waliotulia kwenye pumzi walikuwa wepesi zaidi kukata hasara, kwa kuwa akili ilipunguza kukaa jana na kesho, na uchungu ukapungua nao.

Basi Jumapili moja alasiri Baba Mdogo akakalishwa mkekani. Maelekezo ni mepesi hata yanatia shaka: sikiliza pumzi, akili ikitoroka irudishe, usiigombeze. Mara ya kwanza alikoroma. Mara ya pili alifumbua jicho moja kuuliza kama chai imeiva. Ya tatu ikakamata.

Mimi sidai kwamba pumzi inamfundisha mtu ufundi magari. Gari linalovuja mafuta litaendelea kuvuja hata ukilitafakari vipi. Ila nilichokiona usoni mwa mzee siku ile hakikuwa hesabu. Ilikuwa aibu inashuka. Miaka yote tulidhani analitetea gari, kumbe alikuwa anamtetea yule mwanamume aliyelinunua wakati ukoo mzima unamwambia usinunue. Dakika chache bila mtu wa kumshitaki, hata yeye mwenyewe, zikamtosha.

Akafungua macho, akauliza taratibu: "Hivi, kama ningelikuta hili gari leo linauzwa kwa bei ya hiyo gea boksi, ningelinunua?"

"Hata kwa bei ya mayai yaliyomo," alisema Mama Mdogo kutoka jikoni.

Akampigia fundi simu palepale. Fundi alishtuka kama kaambiwa msiba. "Mzee, uliache sasa? Na hela yote uliyoitia?" Baba Mdogo akavuta pumzi moja ndefu, akamwambia atafute mteja.

Mteja alipatikana haraka: fundi mwenyewe. Alisema ameshalihangaikia sana, hawezi kuona likichukuliwa na mtu mwingine. Wiki iliyopita alimpigia Baba Mdogo kumkopa kidogo. Anasema akibadilisha kitu kimoja tu, linakuwa jipya.