Gari Linakula Oili? Usifungue Injini

Ndugu mwenye gari, ukweli wote unao tayari. Ukiwasha asubuhi, jirani anafunga madirisha. Ukiondoka kwenye mataa ya Mwenge, bodaboda aliye nyuma yako anapotelea ndani ya wingu la bluu, kisha anaibuka akikutaja wewe na ukoo wako. Ukichomoa kijiti cha oili, kinatoka kikavu. Fundi yeyote mkweli atakumaliza kwa maneno matatu: "Bosi, ringi zimekufa." Mwongozo huu ni wako wewe usiyetaka kuyasikia maneno hayo. Sogea karibu tuzungumze, fundi asisikie.

1. Kana kwanza

Moshi wa gari una rangi tatu. Mweusi ni petroli iliyozidi hewa. Mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Wa bluu ni oili inayoungua. Wako ni wa bluu; wewe uite mweupe, na lawama umtupie umande. Ikiwa ni saa nane mchana, Februari, Dar es Salaam, na shati limekuganda mgongoni, usibadilishe maelezo. Anayebadilisha maelezo ndiye anayeonekana mwongo.

2. Tafuta fundi anayekupenda

Oili huingia kwenye chumba cha kuunguzia kwa njia kuu mbili. Ya juu ni sili za valvu, vijipira vidogo ambavyo vikikauka huachia oili ipite. Ya chini ni ringi za pistoni. Kubadili sili ni kazi nafuu; kubadili ringi ni kupasua injini hadi utumbo. Chagua mwenyewe ugonjwa unaoumudu, kisha zunguka gereji hadi umpate fundi atakayekuandikia huo.

Mwepuke fundi anayepima. Yupo atakayekuuliza moshi unatoka lini. Unapopanda Kitonga, injini ikiwa na mzigo, ndipo wingu linazidi? Hizo ni ringi. Unateremka Kitonga bila kukanyaga mafuta, na ukikanyaga tena kule chini ndipo linatoka wingu moja kubwa? Hizo ni sili. Mjibu kwamba hujawahi kwenda Iringa. Mwingine atafungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma, aone kama panapumua moshi. Hatari kuliko wote ni yule atakayechomoa plagi, apime kompresheni, amimine kijiko cha oili ndani ya silinda, kisha apime tena. Namba ikipanda, maana yake oili imeziba mwanya ulioshinda ringi, na hapo huna pa kukimbilia. Ukimwona tu anatafuta geji, sema umesahau mtoto shuleni.

3. Ongeza oili, uiite matunzo

Injini ya 1NZ, ile ya IST, hushika oili isiyofika lita nne. Kama gari lako linakunywa lita moja kila kilomita 1,000, basi kufikia kilomita 5,000 limeshakunywa oili yote na kuzidi. Mwoga ataiita hasara. Wewe iite huduma: oili yako inajibadilisha yenyewe, gari likiwa linatembea, bila foleni ya gereji. Akitokea wa kukukumbusha kwamba filta haijibadilishi, na kwamba masizi hayatoki kwa kuongezewa oili juu yake, mwulize yeye anaendesha gari gani.

Galoni ya akiba ikae kwenye buti, imefunikwa khanga. Mgeni akiuliza, ni mafuta ya alizeti umetoka nayo Singida.

Na kama unaendesha Harrier ya 2AZ, ile inayoitwa tako la nyani, una hoja nzito zaidi: sema ndivyo ilivyotoka kiwandani. Hapo utaukaribia ukweli mpaka ujishtukie. Kule Marekani injini ya 2AZ-FE ilikula oili kwenye baadhi ya magari yaliyotoka karibu na 2007, mpaka Toyota wakaongeza muda wa dhamana. Gari lililopimwa na kukutwa linakula karibu lita moja kwa kilomita 1,900 lilistahili kuwekewa pistoni na ringi mpya. Kijiweni simulia nusu ya kwanza ya habari hiyo. Ile ya pistoni na ringi mpya inaharibu mazungumzo.

4. Lipe gari kinywaji kizito

Kitabu cha gari kinasema 5W-30? Kitabu kiliandikwa Japani, walioandika hawajakaa foleni ya Mbagala. Panda hadi 20W-50, kisha SAE 40, kisha dawa ya kopo kutoka kwa muuzaji ambaye naye hajui kilichomo. Moshi utapungua kweli kwa muda, nawe utatamba. Usiulize VVT-i, ile ya kurekebisha muda wa valvu, inaendeshwa na nini, maana utaambiwa ni msukumo wa oili, na kwamba oili nzito huichelewesha. Usisikilize pia ule mlio wa asubuhi, injini inapozunguka ikisubiri oili ipande juu.

Oili iliyoungua huacha majivu, na majivu hujaa kwenye masega ya bomba la moshi. Masega yakiziba, gari linakosa nguvu. Yang'oe. Moshi utatoka kwa uhuru zaidi.

5. Ukibanwa, fungua, ila usifunge vizuri

Itafika siku gari litashindwa kupanda hata tuta la mtaani. Sawa, fungua injini. Bado ipo nafasi ya kuharibu kazi.

Nenda Kariakoo, Gerezani, ukanunue ringi. Usibebe pistoni wala usipime silinda. Sema tu "ringi za IST". Muuzaji akikuuliza unataka standadi au zilizoongezwa 0.50, chukua za 0.50: chuma ni kingi zaidi. Hazitaingia, lakini fundi ana tupa, atazikata ncha mpaka zikubali. Na kama plagi iliyolowa oili ni ya silinda ya tatu, badilisha ringi za silinda ya tatu peke yake. Wenzake wana umri uleule na wamekula vumbi lilelile, ila hawajalalamika.

Sikiliza hapa, maana ndipo watu wengi hukosea wakafanya vizuri. Kila pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu hubana kompresheni. Ya tatu, ambayo kwa kawaida ina vipande vitatu, hukwangua oili kutoka kwenye kuta na kuirudisha chini kupitia vitundu vilivyo ndani ya mfereji wake. Mara nyingi hiyo ya tatu ndiyo iliyokufa, tena wala haikulika: imegandishwa na masizi ya oili ile uliyochelewa kuibadilisha, na vitundu vimeziba. Basi pachika ringi mpya juu ya masizi ya zamani. Fundi wa kizamani angevunja ringi kuukuu, atumie kipande chake kuchokonoa mfereji mpaka chuma kionekane, kisha azibue kitundu kimoja kimoja. Huyo ana muda. Wewe una harusi Jumamosi.

Ringi yenyewe ni pete ya chuma iliyokatwa mahali pamoja, wazo la miaka ya 1850 la Mwingereza John Ramsbottom, mtu wa injini za treni za mvuke. Mkato huo una kipimo chake. Kwenye silinda ya milimita 75, mwanya wa ringi ya juu huwa kama milimita 0.3. Ukiwa mdogo mno, ringi ikipata moto hutanuka, ncha zikagongana, ikakwaruza silinda au ikakatika. Ukiwa mkubwa mno, moshi unabaki palepale. Wenye subira husukuma ringi ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha hupima mwanya kwa fila. Wewe pima kwa jicho. Jicho halijawahi kuibiwa gereji.

Wakati wa kuzivalisha, panga mikato yote mstari mmoja. Vitabu vinataka iachane, kama nyuzi 120, ili kompresheni isipate njia ya mkato. Sisi tunapenda vitu vilivyonyooka. Karibu na mkato kuna kialama kidogo kinachotakiwa kutazama juu. Kikitazama chini nani ataona, injini ikishafungwa? Kisha gongea pistoni ndani kwa mpini wa nyundo bila kuzibana ringi. Ukisikia kitu kimelia "tik", ongeza sauti ya redio.

Kuta za silinda zikikutwa zinang'aa, ziache zing'ae. Ringi mpya huhitaji ukuta wenye mikwaruzo midogo inayopishana, iliyosuguliwa kwa jiwe lake maalumu, ili zisagane na ukuta na zikae, na oili ipate pa kushika. Ukishindwa kumzuia fundi akasugua, basi mzuie kuosha. Kuta zilizosuguliwa huoshwa kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Yeye apanguse na tambara la petroli basi, unga wa jiwe ubaki humo, uanze kuzisaga ringi mpya tangu siku ya kwanza.

Vifuniko vya konrodi vichanganye. Kila kimoja kilichongwa pamoja na konrodi yake, lakini vinafanana na sisi hatubagui. Boliti za silinda hedi kaza mpaka fundi atoe mguno. Spana ya kupima mkazo ipo, ila imeazimwa.

6. Sherehe

Injini ikiwaka, iache ingurume hapohapo saa nzima huku mkiisifu na kunywa soda. Ringi mpya hukaa kwa mzigo wa kiasi: unakanyaga, unaachia, unakanyaga tena, kwenye kilomita za mwanzo, kisha oili ya kwanza unaimwaga mapema pamoja na chembe za chuma zilizomo. Kuunguruma bila mzigo huzilainisha kuta kabla ringi hazijakaa. Filta ya hewa nayo irudishe ileile yenye tundu, vumbi la mtaani liendelee kuingia bila kizuizi.

7. Uza

Moshi umerudi. Usihuzunike. Osha injini, ng'arisha dashibodi, kisha andika tangazo: "Fulu AC, mmiliki mmoja, injini haijaguswa." Mnunuzi mwite saa kumi jioni, na wewe liwashe saa tisa ulizungushe mtaani, maana gari lililopoa usiku kucha halina siri. Akija, mpeleke barabara ya tambarare, polepole, kwa mazungumzo ya watoto na ada. Akitazama kioo cha nyuma, mwonyeshe redio. Akiuliza kwa nini unauza, unasafiri. Dar es Salaam kila anayeuza gari anasafiri.

Pesa ikiingia utahitaji gari jingine. Ukienda kulitazama, kabla salamu hazijaisha weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, na mwenye gari anaapa halijawashwa tangu jana, aga kwa heshima uondoke. Ukilipenda sana, rudi alfajiri bila kupiga simu, injini ikiwa ya baridi, na uje na fundi mwenye geji ya kompresheni.