Video Bubu ya Mtaalamu

"Mnanisikia?" Wewe tunakusikia, mheshimiwa, video yako ndiyo bubu. Mtoa mada kalaumu mtandao, kalaumu umeme, kisha katugeukia sisi tuliozima maikrofoni kwa adabu zetu. Kwenye Zoom kuna kisanduku kidogo cha kushirikisha sauti, kinachotaka tiki moja tu unapoonyesha skrini. Bwana mkubwa ana shahada za kutundika ukuta mzima, tiki kaikosa. Akaahidi kututumia slaidi tujitazamie wenyewe. Zimefika, ahsante. Video imo Google Drive, na ruhusa ya kuitazama kajipa mwenyewe; sisi tukibofya tunaambiwa tuombe. Tumeomba. Mada, kwa taarifa yenu, ilikuwa mageuzi ya kidijitali.