Lori Linaganda Hata Kwenye Gemu

Mpemba si mahali pa kulalamika kwamba lori lako limekwama. Foleni ya mpaka wa Tunduma ikinoga, mkia wake hutufikia hapa njia panda ya Ileje, na kila nyumba ina dereva, shemeji wa dereva, au mtu anayewauzia chai waliokwama. Ndiyo maana mdogo wangu alipopiga kelele chumbani kwamba lori linaganda, mama alimjibu akiwa uani, mkono ungali kwenye maharage: "Si lisubiri zamu kama wenzake?"

Lori lenyewe lilikuwa ndani ya kompyuta. Kijana aliuza mahindi, akateremka Kariakoo, akarudi na sanduku lenye ubavu wa kioo na feni zinazowaka taa za rangi. Pesa nyingi aliimalizia kwenye kadi ya picha, dude la kubebwa kwa mikono miwili. Na kati ya gemu zote duniani, akaipenda Euro Truck Simulator 2, iliyotoka mwaka 2012 kutoka kampuni ya SCS Software ya Czech. Unaendesha lori Ulaya, unapeleka mzigo, unalipwa pesa za kubuni. Malori ya kweli yako nje ya dirisha. Haya, kila mtu na ulevi wake.

Shida yake ilikuwa hivi: namba kwenye kona ya skrini inasema fremu 60 kwa sekunde, lakini lori likiingia mjini linaganda, kisha linaruka mbele. Fremu 60 maana yake kila picha ina milisekunde kama 17 za kutokea. Moja ikichelewa hadi 150, jicho linaona, ila wastani hautasema kitu. Wastani ni mnafiki.

Mabingwa wakaanza kumiminika. Fundi wa stendi hakuuliza swali. "Tupige window." Huyu hata kitufe cha kibodi kiking'oka atapiga window. Ikapigwa. Lori likaendelea kuganda, isipokuwa sasa nyimbo zangu za kwaya nilizohifadhi humo hazikuwepo tena. Mjomba akasema ni kirusi, huku akimtazama kijana kwa jicho la kuuliza kirusi hicho kimetoka kwenye kurasa zipi. Mama akaituhumu mashine ya kusaga ya jirani kwamba inanyonya umeme. Jirani, kwa kujitetea, akaja na brashi, akafungua ubavu, likatoka vumbi jekundu la kutosha kupandia mchicha. Hilo lilisaidia kidogo, maana prosesa ikikaribia nyuzi joto 100 hujipunguzia kasi yenyewe isiungue.

Aliyemaliza ubishi ni dereva wa lori la Kongo aliyekuja kuomba kuchaji simu. Kompyuta haijui, ila foleni anaijua. Akauliza: "Humo ndani nani anafanya kazi, na nani amekaa?"

Tukafungua ukurasa wa Windows unaoonyesha hayo. Kadi ya bei mbaya: asilimia 30, imekaa. Prosesa kwa jumla: asilimia 20, nayo kama imekaa. Lakini tulipoitazama kiini kwa kiini, kimoja kilikuwa kinahema karibu na 100 na vingine vimelala. Dereva akacheka hadi akakohoa. "Hii naijua! Madirisha manane, karani mmoja."

Ndivyo ilivyo gemu hiyo: hutwisha kiini kimoja mzigo mwingi, na kadi inabaki kusubiri kuletewa kazi. Tena ramu ilikuwa kipande kimoja cha GB 16, hivyo data ilipita njia moja badala ya mbili, na ilitembea kwa kasi ya 2133 ilhali boksi limeandikwa 3200, kwa kuwa hakuna aliyewasha XMP, ule mpangilio wa kwenye BIOS unaoiachia ramu kasi ya boksi. Hiyo tukaiwasha palepale. Zikabaki saitimira, kwani kila kioo kinailazimu kompyuta kuichora barabara upya. Kijana akataka kuvizima.

"Dereva gani anazima vioo?" yule mgeni akafoka. "Leseni alikupa nani?"

Wakapatana vioo vibaki, ubora ushuke, na magari ya barabarani yapunguzwe. Likatembea.

Kwa hiyo ndugu unayeelekea Kariakoo, usimalizie pesa yote kwenye kadi. Bakiza ya prosesa yenye kiini chenye nguvu, na ununue ramu mbili zinazofanana. Na kama una nyimbo za kwaya, zihamishie kwenye flashi kabla fundi hajafika.