Harufu ya Kale, Bei ya Leo

Nimejipulizia manukato mapya ambayo sifa yake kuu ni kunukia kizamani. Dakika tano za mwanzo ni aldehidi tupu: mshumaa umezimwa sasa hivi, kando ya shati lililotoka kupigwa pasi. Mtengenezaji manukato Ernest Beaux alizimimina kwenye Chanel No. 5 mwaka 1921, na tangu hapo kila chupa inayotaka kuitwa ya enzi zile huazima humo humo. Kisha yakaja maua, asmini na waridi na langilangi, yamebanana kama wageni wa harusi kwenye daladala.

Hiyo langilangi sasa! Mafuta yake hukenekwa Komoro, huvuka bahari, halafu huturudia kwenye kichupa cha mililita 50 chenye utepe shingoni. Bibi yangu aliichomeka kwenye kikuba pamoja na asmini na rehani. Hakupewa risiti.

Jioni shangazi akaninusa shingoni, akanyamaza kidogo. “Mwanangu, ulikwenda kuwatazama wazee?”

Yanadumu, sikatai, asubuhi hadi jioni yapo. Ila kama una mti wa asmini uani, chupa hiyo iache dukani.