Ghala Lililoitwa Tasa

Wanyama wa pori moja walikuwa na ghala la shirika. Siku ya kwanza walitia punje moja ya mtama, siku ya pili mbili, siku ya tatu nne, kila siku maradufu ya jana yake, hata zikatimia siku 67. Punje zikawa 147,573,952,589,676,412,927, yaani mbili kwa kipeo cha 67, kasoro moja.

Sheria yao ilikuwa hii: ghala halifunguliwi ila kwa mafungu yaliyo sawa, pasibaki hata punje. Njaa ilipoingia, wakamwendea Simba, mshika funguo.

"Babu Tembo alisema namba hii ni tasa," Simba akawajibu. "Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Basi fungu ni moja tu, na mwenye kulichukua ni mimi."

Wakaondoka vichwa chini. Hakuna aliyewahi kumwona Tembo akiihesabu, lakini jina lake lilitosha.

Miaka ikapita. Siku moja Bundi akasema barazani, "Nimeipima namba hii kwa njia ya pembeni. Si tasa."

"Watoto wake ni akina nani?" Simba akauliza.

Bundi hakuwajua. Alijua tu kwamba wapo. Mlango ukabaki umefungwa.

Kobe alimsikia Bundi, akamwamini. Tangu hapo, kila siku ya mapumziko wenziwe wakienda mtoni, yeye alibaki mchangani akigawanya. Hakujaribu kila namba, kwani aling'amua kwamba kigawo chochote cha namba ile lazima kizidi kwa moja kigawe cha 134, ambayo ni 67 mara mbili. Nyingine zote akaziruka. Hata hivyo, kazi ilimchukua miaka mitatu.

Siku ya baraza alijikokota hadi mbele. Kwa ukucha akaandika 2, akaipandisha hadi kipeo cha 67, akatoa moja. Akasogea pembeni, akaandika 193,707,721 mara 761,838,257,287, akazidisha tarakimu kwa tarakimu. Majibu mawili yakalingana. Akarudi mahali pake bila kutamka neno.

Sungura akairudia hesabu. Swala akairudia. Panya, aliyekuwa hajala tangu juzi, naye akairudia, akapata ileile. Simba akaweka funguo chini. Siku hiyo hata siafu walipata fungu lao.

Kisa hiki kina wenyewe. Tembo ni Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, aliyeiweka namba hiyo kati ya namba tasa mwaka 1644. Bundi ni Mfaransa mwenzake, Édouard Lucas, aliyethibitisha mwaka 1876 kwamba si tasa bila kuvijua vigawo vyake. Kobe ni Mmarekani Frank Nelson Cole, aliyevionyesha mbele ya wanahisabati wenzake huko New York, Oktoba 1903. Husimuliwa kwamba hakusema neno ubaoni, na kwamba kazi hiyo ilimla Jumapili za miaka mitatu.

Simba hayumo katika habari za Mersenne, ila sisi tunamjua: ni kila anayezuia haki ya wengi kwa neno la mkubwa ambalo yeye mwenyewe hajalihakiki. Dawa yake ni hesabu iliyowekwa wazi, ambayo hata mwenye njaa anaweza kuirudia mwenyewe mchangani.