Sifa za Bwana Juma

Juma ni jina linaloonewa. Makarani wa benki hulilalamikia, wauguzi hulirudia mara tatu mlangoni na bado akaingia asiyehusika, na askari hulishuku kabla hajamwona mwenyewe. Hakuna anayelisifu. Basi na lisifiwe.

Tuanze na utajiri wake. Watu wa Unguja hujivunia koo zenye mashamba ya mikarafuu. Juma anamiliki wiki. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano zote zimeandikwa kwa jina lake, na Ijumaa ndiyo nyumba yake kubwa. Imemponyoka siku moja tu, Alhamisi, nayo kaishika Khamis. Ndiyo maana kisiwa kimejaa kina Khamis Juma, yaani Alhamisi aliyezaliwa na Ijumaa, mtoto aliyemtangulia babaye kwa siku nzima, na hakuna masheha wala makadhi waliowahi kulihoji.

Tamaa hana. Mzanzibari huandikwa kwa jina lake, la babaye na la babuye, na fomu ya pasipoti hulifanya hilo la tatu kuwa la ukoo. Haji Ali Juma akizaa, mtoto huwa fulani Haji Ali. Juma keshaondoka zake. Tazama wengine walivyong'ang'ania: Karume na Mwinyi wamevuka kutoka kwa baba rais hadi kwa mwana rais.

Na si kwamba ikulu haimjui Juma. Kuanzia 1990 hadi 1995 Rais wa Zanzibar alikuwa Salmin Amour Juma, na Waziri Kiongozi wake Dk. Omar Ali Juma. Mgeni angenusa undugu hapo. Wapi! Mmoja wa Unguja, mwingine wa Pemba, kila mtu na Juma wake.

Ng'ambo ya bahari anabadili kanzu tu. Misri ni Gomaa, kama Ali Gomaa aliyekuwa Mufti Mkuu 2003 hadi 2013. Kongo humwandika Djuma, na mashabiki wa Yanga wanamkumbuka beki Djuma Shabani. Kenya, kwa kanzu ileile, ilimtoa Profesa Calestous Juma, aliyefundisha Harvard.

Lakini fadhila yake kubwa wanaijua wadaiwa. Fungua daftari la madeni la duka lolote la Mkunazini: "Juma, unga kilo 2." "Juma mrefu, sukari." "Juma wa gereji." Chini yake, kwa wino mwingine: "Juma, si yule." Mwenye duka akizidiwa hulitia daftari kwapani akaenda mpaka Jaws Corner, akawauliza waliokaa barazani yuko wapi Juma.

"Juma yupi, sheikh wangu?"

Basi wanaanza kumchambua: wa Malindi au wa Vuga, aliyeoa au aliyeacha, mwenye vespa au aliyeiuza. Kahawa inazungushwa, kashata zinafuata, na kina Juma wawili miongoni mwa wachambuzi ndio wanaochangia kwa bidii kuliko wote. Jioni ikiingia, bili ya kahawa huilipa mwenye duka.